Linux katika biro za Kindu: programu iliyofungwa isipewe ufunguo wa ghala

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Marekani Microsoft iliacha kutoa maboresho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Si habari ya kupigia kengele sokoni, lakini inaingia hadi ndani ya biro za Kindu. Mashini nyingi zinazotumika katika miji ya mashariki mwa Congo ni za okazioni: HP, Dell, Lenovo zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa Ulaya ao Dubai kabla ya kufika hapa. Windows 11 inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na kompyuta ya mwaka 2014 ao 2015 haitimizi masharti hayo. Mwenye sekretaria ya kuandikia watu barua na kufanya fotokopi anabaki na njia tatu: aendelee na Windows isiyolindwa tena, atafute Windows mpya iliyovunjwa kufuli, ao aweke Linux.

Njia ya tatu ndiyo yenye heshima, na kwa mashini ya zamani ndiyo nyepesi pia. Lakini anayeifuata anakutana mara moja na ugomvi ambao Linux imeubeba tangu utoto wake: ndani ya mfumo ulio huria, kuna nafasi kwa programu zilizofungwa? Huko Ulaya na Marekani mafundi hugombana juu ya jambo hilo kama watu wa dini wanavyogombania maandiko. Kindu swali ni la mikono: Wi-Fi itawaka ao haitawaka?

Maneno yaeleweke kwanza. Wasemaji wa Kiingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu chenye uhuru, na neno hilo limewachanganya kwa miaka 40. Mkongomani hana shida hiyo. Kifaransa kinatofautisha gratuit na libre. Kiswahili kinatofautisha bure na huria. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yale aliyoyaandika fundi, yako wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyabadilisha, kuyanakili na kumgawia mwenzake. Programu iliyofungwa ni ile ambayo mwenyewe anakuletea chakula mezani lakini jikoni huingii; unaitumia kwa masharti yake, na siku akibadili masharti huna la kusema. Inaweza kuwa ya bure kabisa na bado imefungwa. WhatsApp hailipiwi, lakini hakuna fundi wa Kindu, wala wa Kinshasa, anayeweza kuifungua yote na kusoma inafanya nini.

Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 na kutoa leseni ya GPL mwaka 1989. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux mwaka 1991. Kiini peke yake hakiandiki barua. Ndiyo sababu kuna wanaokusanya kiini hicho, programu za biro, za muziki, za intaneti, na kuvifunga pamoja kama mzigo mmoja ulio tayari kuwekwa kwenye mashini. Mizigo hiyo huitwa distribisio: Debian iliyoanza 1993, Ubuntu iliyoanza 2004 kwa mfuko wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Fedora, Linux Mint na nyingine nyingi. (Jina Ubuntu halihitaji tafsiri kwa msomaji wa upande huu, na jirani anayesema Kinyarwanda atacheka kidogo, sababu kwake ku buntu ni kusema bure.) Kila anayefunga mzigo anapaswa kuamua: vipande ambavyo wenyewe hawataki kuvifungua, aviweke ndani ao aviache nje?

Anayefikiri kwamba mambo haya ni ya wataalamu peke yao aangalie mtumbwi unaovuka Lualaba kutoka ngambo ya Kasuku kwenda Alunguli. Karibu kila simu janja ya Tecno, Itel ao Infinix iliyo mfukoni mwa abiria inaendeshwa na Android, na chini ya Android kuna kiini cha Linux. Juu ya kiini hicho huria zimepangwa programu zilizofungwa za Google, na kando yake kuna programu ya antena ya simu ambayo mtengenezaji wa chipu haonyeshi mtu. Kwa hiyo mchanganyiko tayari uko, na watu wanautumia kutuma pesa na kuita ndugu. Kinachobaki ni kuamua kilichofungwa kiruhusiwe hadi wapi.

Kompyuta ya okazioni inaonyesha mpaka huo kwa uzuri. Kadi yake ya Wi-Fi, iwe ya Intel, ya Realtek ao ya Broadcom, haifanyi kazi peke yake. Inahitaji piloti, yaani programu inayoiongoza, na mara nyingi inahitaji pia kiprogramu kidogo kinachopakiwa ndani ya chipu yenyewe kila mashini inapowashwa. Kiprogramu hicho, kwa kadi nyingi, kimefungwa. Kampuni inaruhusu kigawiwe, lakini haionyeshi kilivyoandikwa. Debian, ambayo tangu 1997 ina mkataba wa kuwaahidi watu kwamba mfumo wake utabaki huria mia kwa mia, ilikataa kwa miaka mingi kuweka vipande hivyo katika faili yake rasmi. Faili nyingine isiyo rasmi, yenye vipande hivyo, ilikuwepo pembeni, lakini mgeni hakuambiwa waziwazi, na wengi hawakuiona.

Matokeo yake mahali kama Kindu ni rahisi kuyafikiri. Kijana anamaliza kuweka Debian, skrini inang'aa, kila kitu ni safi, ila Wi-Fi haipo. Mfumo unamwambia kwa adabu: kipande kinachokosekana kinapatikana kwenye intaneti. Katika biro nyingi za mji hakuna waya wa intaneti unaotoka ukutani. Intaneti ni ile ya simu, inayogawiwa kwa Wi-Fi ileile isiyowaka. Fundi mjanja ataunganisha simu kwa kamba ya USB na kupita hapo, kwa kula mega zake mwenyewe. Asiye mjanja atarudisha Windows iliyovunjwa kufuli jioni hiyohiyo, na atawaambia wenzake kwamba Linux ni kitu cha kuharibu mashini. Usafi wa distribisio umemrudisha mtu kwenye kifungo kikubwa zaidi ya kile kidogo kilichokataliwa.

Mwezi wa kumi 2022 wajumbe wa Debian walipiga kura, wakabadili mkataba wao kwa ajili ya vipande hivi tu. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 mwezi wa sita 2023, ilikuja na vipande vilivyofungwa vya kuwasha vifaa ndani ya faili rasmi, vikiwa katika sehemu yake ya pekee yenye jina lake, na mwenye mashini anaweza kuvikataa akitaka. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Wengine waliona kwamba Debian imesalimu amri; lakini mtu hawezi kumlaumu mgonjwa aliye mbali na hospitali kwa kumeza kidonge ambacho hajui kilivyotengenezwa. La muhimu ni kwamba kopo lina karatasi juu yake inayosema ndani mna nini.

Hata hivyo wale wakali hawakukosea kila kitu. Shirika la Stallman halipendekezi Debian wala Ubuntu. Linapendekeza distribisio chache kama Trisquel, zisizo na kipande hata kimoja kilichofungwa. Kwenye kompyuta nyingi za soko la okazioni Trisquel itakuwa bila Wi-Fi, na kumpa mtu wa Kindu mzigo huo bila kumwambia mapema ni kumpotezea siku. Lakini bila watu wa namna hiyo kupiga kelele, kampuni zisingefungua kitu. Mwaka 2012, mbele ya wanafunzi huko Finland, Torvalds aliitukana hadharani kampuni ya Nvidia kwa jinsi ilivyokuwa ngumu kufanya kazi nayo. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ikafungua sehemu ya piloti zake inayokaa ndani ya kiini. Miaka kumi ni mingi, lakini mlango ulisogea.

Tena kuna jambo ambalo wakali wanaliona vizuri na ambalo linawagusa wakaaji wa Maniema kuliko watu wa Paris: ruhusa ya kunakili. Mwenye intaneti ya haraka hajali sana kama leseni inamruhusu kumpa jirani nakala. Jirani atajichukulia mwenyewe. Hapa faili ya Linux Mint, yenye karibu giga tatu, ni mzigo kwa mtu anayenunua mega kwa siku, na ile ya Ubuntu ni karibu mara mbili ya hapo. Kuja kwa Starlink, iliyopata leseni nchini mwezi wa tano 2025, kutasaidia wale wenye uwezo wa kununua kifaa. Kwa wengine njia ya kweli ya kueneza programu Kindu ni fleshi, mkono kwa mkono, biro kwa biro. Kwa programu huria njia hiyo ni halali kabisa, leseni inairuhusu. Kwa programu nyingi zilizofungwa njia hiyohiyo ni wizi, hata pale mwenyewe anapoitoa bure kwenye tovuti yake, sababu anataka kila mtu aje kuichukua kwake.

Zamani Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilikuwa inatuma CD za bure kwa posta hadi Afrika. Ilisimamisha mpango huo mwaka 2011. Tangu hapo distribisio zimeandikwa kana kwamba kila mtu duniani yuko kwenye mtandao usiku na mchana. Wakati wa kuweka Linux Mint kuna kisanduku kimoja cha kutia alama, cha kuongeza programu za kuchezea muziki na video. Ukiwa na intaneti kisanduku kinafanya kazi yake. Usipokuwa nayo hakikusaidii kitu, na baadaye video iliyokuja kwa fleshi inaweza kukataa kufunguka. Ubuntu nayo, tangu toleo la mwezi wa kumi 2021, inaleta Firefox kwa njia inayoitwa Snap. Ghala la Snap linaendeshwa na Canonical peke yake, na programu ya seva ya ghala hilo haiko wazi. Ndiyo sababu Linux Mint ilikataa Snap mwaka 2020. Juu ya hayo, Snap hujiboresha zenyewe bila kuuliza, isipokuwa mwenyewe azizuie. Mtu aliyewasha intaneti ya simu ili atume barua moja anaweza kukuta kifurushi chake kimeliwa na maboresho ambayo hakuyaomba. Kwa Kindu basi Debian ao Mint inafaa kuliko Ubuntu.

Dawa ya shida hii haihitaji mfadhili mkubwa. Programu zote za toleo moja la Debian, kwa kompyuta za kawaida, zinaenea bila taabu katika diski ya nje ya tera moja. Chuo Kikuu cha Kindu, ao Chuo cha Ualimu cha ISP, kikiweka diski kama hiyo katika chumba chake cha kompyuta, pamoja na vile vipande vilivyofungwa vya Wi-Fi ambavyo ruhusa ya kuvigawa ipo, mwanafunzi yeyote ataweza kuweka mashini yake na kuiboresha bila kununua mega hata moja. Mtu mmoja anayekwenda Kinshasa ao Lubumbashi mara mbili kwa mwaka anaweza kurudi na diski iliyofanywa upya. Treni ya SNCC na ndege zimekwisha kubeba vitu vizito kuliko hivyo.

Lakini chuo hichohicho kinapaswa kujiangalia mahali pengine, penye jambo dogo sana kwa sura: herufi. Kila mwanafunzi wa Congo aliyeandika TFC ao memwari anajua sharti: Times New Roman, ukubwa 12, nafasi moja na nusu kati ya mistari. Times New Roman ni mali ya kampuni. Microsoft imelipia ruhusa ya kuiweka katika Windows. Distribisio za Linux haziruhusiwi kuifunga ndani ya mizigo yao kama programu huria. Kuna kifurushi kinachokwenda kuichukua kwenye intaneti, na hapo mwanafunzi anarudi kwenye mega. Akiandika kwa Linux bila herufi hiyo, kisha akapeleka faili kwenye sekretaria yenye Windows ili ichapwe, mara nyingine kurasa zinasogea, jedwali linakatika katikati, na jedwali la yaliyomo linasema ukurasa wa 34 wakati sura imeanza 36. Anarudishwa kurekebisha, na kila kurasa anazochapa tena analipa.

Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa herufi huria za Liberation. Moja yao, Liberation Serif, ilichongwa kwa makusudi ili kila herufi ishike nafasi sawasawa na ile ya Times New Roman. Mstari unaishia palepale, ukurasa unaishia palepale. Iko ndani ya LibreOffice tayari. Mkuu wa fakulte akiongeza maneno machache katika masharti yake, kwamba Times New Roman ao Liberation Serif zote zinakubaliwa na kwamba kazi iletwe pia kwa PDF, atakuwa amefungua njia kwa mamia ya vijana bila kutumia hata franka moja. Leo sharti lililoandikwa bila ubaya wowote linamlazimisha mtoto wa mkulima wa Kibombo ao Pangi kutumia Windows asiyoweza kuinunua, maana yake kutumia iliyoibwa. Walimu wanaokemea wizi wa maandishi katika memwari hawajaona kwamba memwari yenyewe imeandikwa kwa programu ya wizi.

Hali ni hiyohiyo kwa hesabu za takwimu. Wanafunzi wa afya na wa uchumi wanafundishwa SPSS, programu ghali iliyofungwa, ambayo mwanafunzi wa kawaida hawezi kuinunua. R, iliyozaliwa Auckland katika miaka ya 1990, ni huria, inafanya kazi hiyo na zaidi, ila inahitaji mwalimu aliyejifunza mwenyewe kwanza. Kwa hesabu za kampuni mambo ni magumu zaidi. Tangu Congo ilipoingia OHADA mwaka 2012, wanafunzi wa ukontabli wanafundishwa Sage Saari, na waajiri wanaiuliza. Haikuandikwa kwa Linux. Kumwambia kijana huyo aache Windows kabisa ni kumnyima kazi. Aweke mifumo miwili kwenye mashini moja. Linux inaruhusu, na hakuna dhambi.

Hadi hapa basi kilichofungwa kimevumiliwa: piloti ya Wi-Fi, kiprogramu cha chipu, programu ya hesabu ambayo soko la kazi linaidai. Vyote hivyo viko mlangoni. Vikiharibika, ao mwenyewe akivifunga zaidi, mtu ananunua kadi nyingine ya Wi-Fi na maisha yanaendelea. Ghala ni kitu kingine. Ghala ni mahali panapowekwa majina ya watoto waliozaliwa, idadi ya wagonjwa wa malaria, matokeo ya mitihani, hati za viwanja, orodha ya wafanyakazi wa serikali. Mwenye ufunguo wa ghala ndiye mwenye mji.

Katika afya, Congo tayari imechagua vizuri, hata kama wachache wanalijua. Takwimu za kanda 18 za afya za Maniema, kutoka Lubutu hadi Kabambare, zinaingizwa katika DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya baada ya ubaguzi. Kompyuta ya muuguzi anayeingiza takwimu inaweza kuwa na Windows, seva inaweza kukaa mbali, lakini ghala lenyewe liko wazi: Wizara ikitaka kubadili fundi, inabadili fundi, na takwimu zinabaki zake. Kwa hospitali kuna BHIMA, programu huria ya usimamizi iliyotengenezwa kwa ajili ya hospitali za Congo. Mashirika mengi ya misaada yanayouliza watu maswali katika vijiji vya mashariki yanatumia KoboToolbox, nayo ni huria.

Upande wa pili uko mfano ambao kila mpiga kura anaukumbuka. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018, na tena mwezi wa kumi na mbili 2023, Wakongomani walipiga kura kwa mashini za kampuni ya Miru Systems ya Korea ya Kusini. CENI ilieleza kwamba kazi ya mashini ni kumsaidia mtu kuchagua na kuchapa karatasi yake. Upinzani na mashirika ya raia yakauliza kuna nini ndani. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya matokeo ya kura hizo. Hapo si mahali pa kuyafungua tena. Linaloonekana bila ubishi ni hili: raia hakuwa na njia ya kusoma programu ile, hata raia fundi. Aliombwa kuamini. Miaka ikapita na mashaka hayakuisha, sababu mashaka juu ya kitu kilichofungwa hayana mahali pa kuishia.

Sasa kila wizara inazungumza kuhusu kugeuza karatasi kuwa kompyuta. Inchi ina Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Miradi itafika Kindu: rejesta ya uzazi, kodi za jimbo, hati za mashamba. Kila mradi utaletwa na mfadhili ao na kampuni, na watu wa jimbo watafurahi kuona mashini mpya zikishushwa uwanjani. Hiyo ndiyo saa ya kuuliza. Leseni inalipwa na nani mradi ukiisha? Chukua mfano wa leseni iliyolipwa kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne programu inadai ufunguo, mfadhili amekwenda, na biro inabaki na sanduku la takwimu lisilofunguka. Je, takwimu zote zinaweza kutolewa katika muundo ambao programu nyingine inausoma? Kwa maandishi na majedwali muundo kama huo upo, ODF, uliokubaliwa na shirika la ISO tangu mwaka 2006. Serikali ya jimbo haina sababu ya kusaini mkataba kabla ya kupata majibu ya maswali hayo kwa maandishi.

Atakuja mtu kusema kwamba kuwa wazi hakuleti usalama, na atataja habari ya mwezi wa tatu 2024. Mtu asiyejulikana aliingiza mlango wa siri ndani ya programu huria ndogo ya kubana mafaili, xz, iliyomo karibu katika kila distribisio. Ni kweli, na ilikuwa hatari kubwa. Aligunduliwa na mhandisi mmoja, Andres Freund, ambaye anafanya kazi Microsoft. Aliona kwamba kuingia kwenye seva kumechelewa kwa nusu sekunde hivi, akachimba hadi akakuta sababu. Aliweza kuchimba kwa sababu maandishi yalikuwa mbele ya macho yake. Lakini mlinzi wa programu ile alikuwa mtu mmoja aliyechoka, anayefanya kazi bila malipo, na hilo nalo ni funzo: kilicho wazi bila watu wa kukiangalia ni shamba lisilo na mwenye kulima.

Ndipo shida ya Kindu yenyewe inapoonekana. Dar es Salaam walipita njia hii mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni moja ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya biro kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Programu ilikuwa huria, walikaa na kamusi wakaitafsiri. Microsoft nayo ikaja baadaye na Kiswahili chake, kwa wakati ulioipendeza. Kazi ile ya Dar ilikuwa nzuri, ila programu hubadilika kila mwaka na tafsiri inahitaji watu wa kuifuata kila mwaka. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, LibreOffice ikazaliwa, na Kiswahili ndani yake bado kina mapengo. Tena ni Kiswahili cha Tanzania. Mtu wa Kasongo atakisoma, ingawa mara kwa mara atajiuliza neno fulani limetoka wapi.

Kindu hakukosi vijana wa kazi hiyo. Wako wanaorekebisha simu kando ya barabara, wanaojua kufungua Android na kuiweka upya kwa zana walizozipata kwa rafiki. Wanachokosa ni mahali pa kukutania na mtu wa kuwalipa kwa kazi iliyo halali. Biro ya jimbo inayotumia pesa kila mwaka kusafisha virusi katika mashini zake, vile vinavyogeuza mafaili ya fleshi kuwa vijialama visivyofunguka, ingeweza kuwapa vijana wawili wa chuo mkataba wa kuweka Debian kwenye mashini kumi za kwanza, na piloti zote za Wi-Fi ndani, LibreOffice ikiwa na Liberation Serif, na orodha iliyobandikwa ukutani ikisema ni vipande gani humo vimefungwa na ni vya nani. Zikifika Noeli bado zinafanya kazi, waongezewe ishirini. Zikishindwa, Windows bado iko kwenye diski ileile, na waliojaribu waitwe kueleza ni kifaa gani kilichokataa, kampuni gani iliyokitengeneza, ili safari ijayo biro isikinunue.